n ya Manning kwa bomba la plastiki: 0.009 au 0.013?

Mchoraji_Nzuguni
Wakuu, habari za majukumu. Nina mstari wa maji ya mvua huku Nzuguni, bomba la HDPE (plastiki ngumu) la kuta mbili, mawimbi nje na laini ndani, kipenyo cha ndani 450 mm, mteremko 0.5%. Mvua ya usanifu (ile kubwa tunayoipigia hesabu) inaleta lita 215 kwa sekunde. Karatasi ya kiwandani inasema n (namba ya ukwaru kwenye fomula ya Manning; ikipanda, bomba linapitisha maji machache) ni 0.009, bomba likijaa napata lita 291. Bosi anataka 0.013 "kama zege", napata 202, halinitoshi. Mteja hataki kusikia habari ya kupanda saizi. Nishike ipi?

Mzee_wa_Levo
Kijana, 0.009 ni ya maabara: bomba jipya, limenyooka, maji safi. Maji safi Dodoma Januari utayatoa wapi? Mvua zinaanza Desemba zikikuta ardhi kavu tupu, basi zinashuka na mchanga, majani, mifuko na chupa. Ongeza viungio vilivyokaa upande, ongeza chemba. Plastiki laini mimi sishuki chini ya 0.012, na mitaa ya vumbi naweka 0.013. Bosi wako yuko sahihi, ila zege haihusiki hapo. Ukwaru unaoupigia hesabu ni wa mstari mzima ulioshafukiwa, si wa plastiki peke yake.

Halafu lori likishusha mzigo, ingiza mkono ndani ya bomba. Nimewahi kukuta mchoro unasema kuta mbili, saiti limekuja la ukuta mmoja, mawimbi nje na ndani. Hilo n yake ni 0.018 hadi 0.025. Hesabu yako yote imekufa.

Dada_Kalavati
Shikamoo Mzee. Naomba kuongeza: 0.013 ni ya kupima uwezo tu. Kwenye mdomo wa bomba rudi kwenye 0.009, maana bomba jipya likijaa maji yatakimbia 1.8 m/s, si 1.27. Kingo za korongo zetu ni mchanga, zitaliwa msimu wa kwanza. Panga mawe.

Mzee_wa_Levo
Marahaba, binti. Umesema kweli. Na mchanga ukilala hadi robo ya kimo cha bomba, karibu moja ya tano ya njia imeondoka. Hiyo n haiijui. Jenga chemba ya kunasa mchanga kabla maji hayajaingia, na iwe na mtu wa kuizoa.

Mchoraji_Nzuguni
Asante Mzee wangu, Dada asante. Sasa mteja nimwambieje?

Mzee_wa_Levo
Usimwambie kitu bado. Una mteremko kiasi gani wa kuchezea? Weka 0.6%, n ibaki 0.013: unapata lita 221, bomba lile lile. Mstari una urefu gani?

Mchoraji_Nzuguni
Mita 140.

Mzee_wa_Levo
Basi mwisho wa mstari unashuka sentimita 14 zaidi. Kapime sakafu ya korongo kwanza, usije ukamwaga chini ya mchanga.