Kuhamia Italia na mbwa na paka kutoka Malindi, sheria zikoje?

MamaLeila_Mld

Asalam aleikum wote. Naomba msaada kwa wanaojua, haswa nyie mlioko ughaibuni. Mume wangu anafanya kazi Italia, Bologna, na visa yangu na mtoto ya kumfuata ishatoka, kabla mwaka haujaisha tuwe tushaondoka inshallah. Sasa kasheshe ni hawa wanyama. Nna mbwa na paka. Mbwa aliachwa na Mtaliano mmoja alokuwa jirani huku Casuarina, alirudi kwao akasema atatuma mtu aje amchukue, mtu mwenyewe mpaka leo hajaonekana, ndo nikabaki naye, anaitwa Leone na wallahi Kitaliano anakielewa kunishinda. Paka nlipewa na nyanyangu Lamu.

Mbwa alidungwa sindano ya kichaa cha mbwa kwenye kampeni ya kaunti, kadi ninayo. Je yatosha hiyo kadi au mpaka hiyo chipu nnayoisikia? Na nikishafika naye huko sheria inanitaka nini, manake mume wangu ananitisha eti ukimfunga mbwa unashtakiwa, sijui kama ni kweli au hataki tu mbwa.

kijana_wa_Gede

Kazi iko 😂 watu wanahangaikia visa miaka na miaka wewe unamtafutia mbwa. Hiyo hela si ununue hata robo ploti huku kwetu uje uikute, mbwa mwachie jirani.

Dokta_Mifugo

Dadangu mimi ni daktari wa mifugo, niko Kilifi. Mwache huyo kijana, twende polepole manake hapa ndo wengi hukwama. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziamini kwa kichaa cha mbwa, serikali ina mpango wa kuumaliza ifikapo 2030 lakini kwa sasa ugonjwa bado tunao na ukishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna cha hospitali wala nini, ni kuzika. Ndo maana mnyama akitoka huku sindano peke yake hawaikubali, wanataka na damu ipimwe.

Mpangilio ni chipu, kisha sindano, kisha damu. Ukiuvuruga pesa imepotea. Chipu ni kidude kama punje ya mchele, kinaingizwa chini ya ngozi huku shingoni na kina namba yenye tarakimu 15. Sindano iliyotangulia chipu kwao ni kama haikudungwa. Ukishadunga unangoja, siku zisipungue 30, ndo damu itolewe na ipelekwe maabara wanayoitambua wao, kwa mfano Onderstepoort ya Afrika Kusini au ile ya Nancy Ufaransa, na kinga isipungue 0.5. Ushafurahi? Bado. Kutoka siku damu ilipotolewa (sio siku jibu limekuja, wengi wanakosea hapo) unahesabu miezi 3 kamili ndo aruhusiwe kuingia. Kwa hiyo hata ukianza kesho asubuhi unaongelea miezi minne na ushee, na paka ni hivyo hivyo, hakuna njia ya mkato ya paka.

Ukijitia ujanja ukafika naye kabla ya muda, wana haki ya kumrudisha alikotoka, au kumuweka karantini na bili ni yako, na yote yakishindikana wanamuua. Sikutishi, ndo ilivyoandikwa.

Halafu cheti cha afya hakitolewi na mimi wa mtaani, lazima sahihi ya daktari wa serikali, mkurugenzi wa huduma za mifugo ofisi zake ziko Kabete Nairobi. Cheti kinaishi siku 10 tu mpaka ukaguzi wa kule kuingia, kwa hivyo usikikimbilie halafu ukae nacho ukitafuta tiketi ya bei rahisi.

Lakini kabla hujamdunga kitu chochote nijibu hili: huyo Mtaliano mbwa alikuja naye kutoka kwao ama alimuokota hapa hapa? Mpeleke akapitishwe ile mashine ya kusomea chipu kwanza.

Bwana_Langoni

Dokta kamaliza. Mie langu ni kuhusu paka. Paka wa Amu (Lamu) amezoea kushinda kwenye mashua za samaki na kulala barazani kwa watu, hana mwenyewe, mji mzima ni wake. Leo umpeleke akafungiwe gorofa ya nne kwenye baridi anaangalia dirisha? Mrudishe kwa nyanyako, wala hatauliza habari zako. Mbwa sawa, mbwa hufuata mtu.

Nuru_Torino

Shoga mumeo hakutishi bure ila kachanganya. Mimi niko Torino na tunaye mbwa, nikupe ya huku.

Kwanza huku mbwa ana usajili kama gari. Inaitwa anagrafe canina, iko kwa sheria tangu 1991, chipu inaunganishwa na jina lako na anuani yako na ofisi ya kuendea ni ya afya ya wanyama ya mtaa wenu, ASL wanaiita, Bologna wao wanasema AUSL. Ukihama nyumba unatoa taarifa, mbwa akipotea unatoa taarifa, akifa pia. Na hapo hapo ndo unaweza kumtolea pasipoti ya Ulaya, maana kile cheti cha kuingilia unaweza kutembea nacho nchi zingine za Umoja wa Ulaya kwa miezi michache tu.

Barabarani kamba isizidi mita moja na nusu, na kile cha kufunga mdomo uwe nacho mkobani hata kama hujamvalisha, askari akikuuliza kiko wapi ukitoe. Mifuko ya mavi ni lazima, hakuna cha kuangalia kando ukajifanya hukuona, nyanya wa huku watakupigia kelele dirishani mpaka uokote.

Sasa ile ya kufunga. Kule kwetu mbwa wa ulinzi mchana mnyororo usiku anafunguliwa, si ndio? Huku tangu 2025 kumuweka mbwa mnyororoni ni marufuku nchi nzima, ni faini. Kumtupa ndo usiseme, ni jinai, kifungo mpaka mwaka mmoja au faini mpaka yuro 10,000. Hata kumuweka katika hali ya kumtesa, kama kumfungia balkoni jua kali hana maji, inaingia kifungu hicho hicho.

Na kubwa kuliko yote ambayo watu wetu hawaijui, mbwa akimuuma mtu au akaangusha mzee na baiskeli yake wewe ndo unalipa, na ukisema alikuponyoka haisaidii, sheria yao ya madai inasema wazi hata akiwa amepotea au ametoroka mwenye mnyama anawajibika. Mimi niliposoma hiyo siku hiyo hiyo nikakata bima. Si lazima kwa mbwa wa kawaida lakini kata, ni hela ndogo ukilinganisha na kesi.

kijana_wa_Gede na ploti yako tulia 😂

MamaLeila_Mld

Jamani asanteni Mungu awabariki. Nimempeleka Leone kwa daktari hapa Malindi, mashine ilipita tu shingoni ikalia! Chipu anayo, namba inaanza na 380. Nkamtafuta yule Mtaliano WhatsApp, akafurahi kweli kusikia mbwa yu hai (mimi nafuga yeye anafurahi), akanitumia picha za pasipoti ya mbwa, ina damu iliyopimwa huko kwao kabla hawajaja. Basi si mambo yamekwisha?

Dokta_Mifugo

380 ni Italia yenyewe, basi huyo ni raia anarudi nyumbani 😄 chipu ya pili usimuwekee.

Kuhusu ile damu: mbwa aliyepimwa akafaulu kabla hajatoka Ulaya, ikaandikwa kwenye pasipoti, hangoji tena miezi mitatu. Lakini ni kwa sharti kwamba sindano hazikukatika hata mara moja, kila moja imedungwa kabla ya ile ya nyuma kuisha muda. Angalia ukurasa wa sindano, ya mwisho iliisha lini na ya kaunti ilidungwa lini? Na kadi ya kaunti ina namba ya chipu?

MamaLeila_Mld

Ya pasipoti imeisha 2022. Ya kaunti mwaka jana, na kadi imeandikwa tu mbwa dume rangi ya kahawia 😩

Dokta_Mifugo

Basi imekatika, na hiyo kadi ya "kahawia" haimfungi mbwa yeyote na namba yoyote. Mnaanza upya kwenye sindano, namba ya chipu iandikwe kwenye cheti, siku 30, damu, miezi mitatu. Pole lakini chipu umeiokoa.

Sasa kwa vile wewe unaondoka mapema: mnyama wa nyumbani anatakiwa asafiri na mwenyewe, ama na mtu uliyemuandikia ruhusa, ila safari yake na yako zisipishane zaidi ya siku 5. Zikizidi hapo wanamhesabu kama mzigo wa biashara na hizo taratibu hata mimi sizipendi. Njia nyepesi ni Leone abaki na mtu wa kuaminika amalize miezi yake, halafu wewe au mumeo mmoja aje amchukue. Fikia uwanja wenye ukaguzi wa wanyama, Malpensa au Fiumicino hawana shida, na kwa ndege uliza mapema, mbwa wa kimo cha huyo hawamkubali kwenye viti, anakwenda chini kwenye kreti.

Nuru_Torino

Na shoga, chipu bado inasoma jina la yule Mtaliano! Kwa vitabu vya huku mbwa ni wake mpaka aandikishe kwamba amekupa wewe, mwambie afanye hilo badilisho la mwenye mbwa kwenye anagrafe, akusainie na karatasi. Atafanya haraka, mbwa akiuma mtu leo anayeanza kutafutwa ni yeye.

Halafu swali, nyumba ya mumeo ni ya kupanga? Kanuni za jengo haziruhusiwi kukataza wanyama, hiyo ilibadilishwa kwenye sheria ya 2012, lakini mkataba wa mwenye nyumba ni kitu kingine, yeye anaweza kuandika asitake mbwa na ukashindwa. Mwambie mumeo autoe mkataba ausome wote.

MamaLeila_Mld

Nimemuuliza, kasema "sijui umeandikwa Kitaliano" 😂 miaka yote hiyo yuko huko. Atampa mwenzake wa kazini amsomee kesho.

Paka nimekubali, harusi ya binamu nikienda Lamu nampeleka kwa nyanya. Leone sindano ni Jumatatu, ndugu yangu wa mtaa wa Barani atakaa naye, pesa za kupima damu sitoi mpaka nijue mkataba unasemaje.

Dokta_Mifugo

Sawa kabisa, sindano dunga tu, hiyo anaihitaji hata akibaki Barani. Huyo ndugu muachie tarehe ya sindano inayofuata kwa maandishi, ikipita siku moja bila kudungwa mnarudi mwanzo na damu inapimwa tena.

kijana_wa_Gede

Huyo ndugu wa Barani analipwa kukaa na mbwa? Nauliza tu, mimi niko hapa karibu.