Jumba la Mjerumani linalosemwa lina majini, Mpwapwa: tujiandaeje?

Mkazi wa Ipagala
Wakuu, habari za humu. Tuko sita, tunatoka Dodoma mjini. Tunataka kwenda kuliona jumba moja la enzi za Mjerumani upande wa Mpwapwa, halikaliwi siku nyingi. Majirani wanasema usiku husikika nyayo darini, mtoto hulia nje, na ukutani kuna madoa mekundu yanayorudi hata yakipakwa chokaa. Tuanzie kwa nani, tubebe nini? Na kulala humo inawezekana?

Fundi Chokaa
Mkuu, nianze na nyayo. Bati la mita 10 likipoa nyuzi 30 kutoka jua la alasiri hadi usiku, husinyaa karibu milimita 3 na nusu. Kwa kuwa limebanwa na misumari, halisinyai polepole: linashtuka kwenye msumari mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, na mlio unakwenda paa zima kama mtu anayetembea. Sikilizeni tangu jua linapozama hadi kama saa tatu usiku. Mlio ukinyamaza baada ya hapo, ni bati. Ukiendelea hadi usiku wa manane, darini kuna panya au bundi.

Madoa mekundu mara nyingi ni kutu ya misumari na mabati inayoshuka na maji ya mvua, au udongo mwekundu ambao mchwa wameupandisha. Chokaa juu yake haisaidii kitu kama paa bado linavuja. Na kama kuna fundi aliyeziba ukuta wa zamani kwa saruji, ameharibu zaidi: maji yanafungiwa ndani ya ukuta, lipu inavimba na kudondoka vipande vizima. Msiegemee kuta za namna hiyo.

Sasa sakafu ya mbao, ambayo ndiyo inanitia wasiwasi kuliko hayo yote. Mchwa hula ubao kwa ndani na kuacha ganda zima la nje, hivyo macho hayatoshi. Bebeni bisibisi. Ichomeni kwenye boriti, hasa mahali inapoingia ukutani, maana pale ndipo unyevu unapokaa na mbao huoza kwanza. Ikizama sentimita moja bila nguvu, ghorofani msipande. Ikiwa ngumu, pandeni mmoja mmoja, mguu ukae upande wa ngazi uliogusana na ukuta, siyo katikati. Juu, fuateni mistari ya misumari, kwa sababu chini ya misumari ndipo boriti ilipo.

Nje, tangulizeni fimbo kwenye majani. Nyumba nyingi za nchi kavu kama hii zilichimbiwa kisima au tangi la maji ya mvua, na vifuniko vimeoza. Mtu akitumbukia, msimfuate kwa pupa: hewa ya shimo lililofungwa miaka mingi inaweza kuwa haina oksijeni, na wa pili naye akaanguka hapohapo. Hapo ndipo watu husema shimo limemvuta.

Bi Afya
Wanangu, huyo mtoto anayelia huenda ni komba. Sauti yake usiku inafanana sana na ya kichanga. Bundi naye hupiga yowe, na makinda yake huhema kwa sauti kama mtu aliyelala.

Popo ndio wa kuangalia. Vumbi la kinyesi chao linaweza kubeba fangasi wa mapafu. Homa, kikohozi na maumivu ya kifua huanza siku 3 hadi 17 baadaye, na ni rahisi kudhani ni malaria au kifua kikuu, kwa hiyo mkiugua mwambieni daktari kwamba mliingia kwenye nyumba ya popo. Vaeni barakoa ya N95 (ya kitambaa haitoshi), na msifagie. Popo akimng'ata mtu, hata kidonda kiwe kidogo kama tundu la sindano, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Viatu viwe vya kufunika kifundo. Kifutu hulala kwenye kifusi na hakimbii akisikia mtu. Na kabla ya kuingia, simameni nje dakika chache mwangalie dari na madirisha: nyuki wakiingia na kutoka, ahirisheni safari.

Mzee wa Kongwa
Vijana, mwanzo ni kwa mtendaji wa kijiji. Ulizeni mwenye jengo ni nani: halmashauri, kanisa au mtu binafsi. Barua yenu itaje majina, tarehe, saa za kuingia na kutoka, na kama mtapiga picha. Droni ina vibali vyake. Afisa utamaduni wa wilaya naye ajue. Kama kuna makaburi au mti wa matambiko karibu, ombeni mwenyeji awapitishe, na asipotaka mpite, msipite.

Msibebe sururu wala kipima madini. Hadithi za rupia za Mjerumani zilizofukiwa zina chanzo cha kweli: Mjerumani alitumia rupia hadi Vita vya Kwanza, na mwaka 1916 Tabora ilifuliwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Lakini wachimba hazina hufukua chini ya misingi, na ukuta wa mawe usio na msingi huanguka bila kuonya. Mkiona mashimo mapya kando ya ukuta, kaeni mbali nao.

Mpwapwa ni kama kilomita 120 kupitia Mbande na Kongwa. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa hazipo.

Mkazi wa Ipagala
Asanteni sana. Shikamoo mzee. Na kulala?

Bi Afya
Ndani hapana, mwanangu, kwa ajili ya papasi, wale kupe wa nyumbani. Hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta, huweza kuishi miaka bila kula, huuma gizani kwa muda mfupi kisha hurudi ufani, kwa hiyo asubuhi humwoni. Homa ya papasi hupanda, huacha siku kadhaa, kisha hurudi, na Dodoma tunaifahamu tangu enzi za tembe, zile nyumba za udongo. Mkitaka kusikiliza paa usiku, kaeni nje kwenye hema lenye sakafu iliyoshonwa, mbali na ukuta kuliko urefu wa ukuta wenyewe.