Mchezaji akidondoka bila kuguswa, tuanze na nini?

Benchi_la_Akiba: Wakuu, naandaa utaratibu wa dharura kwa ajili ya mechi zetu. Mchezaji akianguka peke yake na mwili ukitikisika, watu hukimbilia kumtanua mdomo asimeze ulimi. Ni sawa?

MkufunziHK: Mkuu, ulimi haumezwi, na vidole vyako vitaumwa bure. Aliyeanguka bila kugongwa na haitikii, mchukulie kwamba moyo umesimama. Mtikisiko unatokana na ubongo kukosa damu, ndiyo maana wengi hudhani ni kifafa. Anaweza kuwa macho wazi, akavuta pumzi moja kama anayekoroma, kimya, kisha nyingine. Huko si kupumua. Mgonge mabega, mwite, tazama kifua, yote ndani ya sekunde 10. Kisha kandamiza katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukibonyeza, kiache kifua kiinuke hadi juu kabisa. Ukikiegemea, moyo haujai damu. Aliyepigwa mpira kifuani akadondoka, ni vivyo hivyo.

Machela: Naongezea: wakati mmoja anakandamiza, mwingine alete mashine ya kushtua moyo. Kila dakika bila kushtuliwa inapunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10, kwa hiyo mashine iliyofungiwa ofisini ni pambo tu. Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark aliyeanguka uwanjani kwenye mechi ya Euro, Juni 12, 2021, alishtuliwa palepale kwenye nyasi. Kata jezi kwa mkasi na ukaushe jasho kwanza, maana vibandiko viwili vya mashine havishiki kwenye ngozi iliyolowa. Kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Mkasi, taulo na wembe wa kunyolea nywele za kifua vikae kwenye begi la mashine.

Benchi_la_Akiba: Na anayepepesuka juani, anaongea ovyo lakini anapumua?

MkufunziHK: Huyo shuku joto kali mwilini, hata kama bado anatoka jasho. Poza kwanza, safirisha baadaye. Mtumbukize hadi shingoni kwenye beseni kubwa la maji ya barafu, mtu amshike kwapani asizame, maji yakorogwe. Kipimajoto cha kwapani kitakudanganya. Daktari apime kwa njia ya haja kubwa, mtoeni majini joto likishuka na kukaribia nyuzi 39.

Machela: Na ufunguo wa geti la ambulensi apewe mtu mmoja, asiyeondoka getini hadi filimbi ya mwisho.