Sherehe ya kufunga mwaka ofisini: yaliyotokea mwaka jana sitaki yajirudie

Wakuu habari za jioni. Niko kampuni moja hapa Dar, tuko kama 60. Nimewekwa kamati ya sherehe na naomba ushauri.

Mwaka jana tulienda ufukweni Kigamboni. Jiko la kuchomea lilikuwa moja. Mchomaji anageuza kitimoto, koleo lile lile anageuzia kuku. Dada yetu wa stoo ni Mwislamu, aliona. Akarudisha sahani mezani taratibu, usiku mzima akashindia kachumbari na maji. Soda ziliisha mapema, bia zikabaki kreti kwa kreti.

Kilichoniuma zaidi: bosi wa kitengo alimng'ang'ania mkono binti aliyekuja kufanya fildi, acheze naye. Binti alikataa mara mbili. Watu wakacheka, nami nilinyamaza. Saa sita usiku hakuna usafiri, kila mtu anahangaikia bodaboda.

Wenzangu kwenye kamati wanasema asiyetaka asije. Nikiongea naitwa mnoko. Nifanyeje?

MamaJunior: Pole mdogo wangu. Hamishieni mchana. Kwetu tulifanya Jumamosi saa sita hadi kumi na moja, tukaja na watoto, bia kwa kuponi mbili tu. Vurugu ziliisha zenyewe.

Mnyantuzu: Jumamosi hapana, dada. Mimi Msabato, miaka minne nasikia sherehe kwa kusimuliwa. Kwanini isiwe Ijumaa saa nane, swala ikishaisha, mmalize kabla jua halijazama? Sabato inaanza jua likizama, kwa hiyo wote tunakuwepo. Na mkichukua muda wa kazi, mwenye watoto hahitaji kutafuta wa kumwachia.

Wakili Msomi: La huyo bosi lisijadiliwe kwenye kamati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa dini na wa jinsia, na unyanyasaji kwa misingi hiyo unahesabiwa ni ubaguzi. Sherehe ni ya kampuni, na aliyefanya ni bosi. Ila usiende utumishi kabla hujaongea na binti mwenyewe. Usimtaje bila ridhaa yake.

Mchoma Mbuzi: Mimi ni mpishi wa shughuli. Majiko mawili hayatoshi kama visu, mbao na koleo ni vya pamoja. Kitimoto kiacheni siku hiyo. Mbuzi na kuku wachinjwe na Mwislamu, wote mtakula sufuria moja.

Mleta uzi: Asanteni sana. Ijumaa sikuwa nimeiwaza kabisa. Binti nimempigia leo mchana, nimemwomba radhi kwa kunyamaza. Kasema atafikiria kama anataka nimsindikize utumishi, nami nimemwambia nitamsubiri. Kikao cha kamati ni kesho saa nne, naanza na suala la nyama na basi la kurudisha watu.

MamaJunior: Basi liandikwe kwenye bajeti kabla ya bia, mdogo wangu. Likiachwa mwisho, hela huwa imeshaisha.