Tomatiyo za rangi mbalimbali katika bustani ya nyumbani Tanga

Mwenye Kitalu, Pongwe:
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nimepata mbegu za tomatiyo, lile tunda la Meksiko la jamii ya nyanya linalokulia ndani ya ganda jembamba kama karatasi, za rangi tatu: kijani, manjano na zambarau. Mche mmoja wa zambarau niliotangulia kuupanda uani umejaa maua, lakini yanapukutika bila kufunga tunda, ingawa maji na samadi haupungukiwi. Je, ni joto la pwani? Na kila rangi inafaa mapishi gani?

Bibi Shamba, Muheza:
Wa aleikum salaam. Joto kali linaweza kuchangia, ila mimi nashuku zaidi upweke wa mche wenyewe. Tofauti na nyanya, ua la tomatiyo halikubali chavua ya mche wake, hivyo hata nyuki wakiuzunguka kutwa, hautazaa vya kutosha mpaka uwe na mwenzake karibu, wa rangi yoyote. Iachanishe miche kwa hatua moja kubwa na uiwekee miti ya kuegemea, kwa maana hutanda na kulala chini. Usiipande palipotoka nyanya, bilinganya au pilipili, kwani mnyauko wa bakteria unazishambulia zote. Fahamu pia kwamba rangi zikichanganyika bustanini, mbegu utakazotunza zitatoa machotara.

Mpishi wa Raskazone:
Naomba nijibu la jikoni. Ya kijani ndiyo yenye ukali. Ichume ganda linapojaa na kuanza kupasuka, umenye ganda, kwani haliliwi, kisha uoshe ule utomvu unaonata vidoleni. Mimi huitia katika mchuzi wa samaki mahali pa embe mbichi: naikaanga na vitunguu hadi ilainike na kupondeka, naongeza tui jepesi, samaki wakishaiva namalizia na kasimile huku nikikoroga polepole lisikatike. Ya manjano ina utamu zaidi, nayo hufaa jemu. Ya zambarau, kwa maoni yangu, ni ya kachumbari, kwa sababu moto huififisha rangi yake.

Mwenye Kitalu, Pongwe:
Nawashukuru nyote. Nitaotesha miche mingine vuli hii. Je, zambarau hukolea yenyewe?

Bibi Shamba, Muheza:
Hukolea zaidi upande unaopigwa na jua. Ganda likishapasuka, liache tunda mtini siku chache kabla ya kuchuma, na upunguze majani yanayolifunika.