Acheni kuwaambia vijana kwamba WSL ni Linux tosha!

Wakuu, nimechoka. Kila kijana akiuliza aanzie wapi kujifunza Linux (mfumo endeshi kama ilivyo Windows), jibu ni lilelile: "Usihangaike, baki na Windows yako, weka WSL, ni kitu kilekile." Si kitu kilekile! WSL ni Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Na wengi wenu mnaojibu hivyo mna mashine za GB 32. Mnayemshauri ana laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8.

WSL 2, toleo jipya, hubeba kerneli halisi ya Linux (kiini cha mfumo) ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Usipoiwekea kikomo kwenye faili lake la mipangilio, .wslconfig, inaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM. Nusu ya 8 ni 4, na zilizobaki zinagombewa na Windows na kivinjari. Kijana anafungua Task Manager anakuta kitu kinaitwa vmmem kimekalia RAM nyingi, anadhani ni kirusi. Nani kati yenu alimwambia kwamba ni hiyo mashine pepe ya WSL?

Kazi zake kaziweka Desktop, anaziingia kupitia /mnt/c, njia ambayo WSL huitumia kufikia diski ya C: ya Windows. Hapo kila faili linavuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo npm install (amri ya kupakua maktaba za JavaScript) ya dakika moja inageuka ya kukaa na kusubiri. Angeziweka kwenye home (folda yake binafsi) ya Ubuntu, Linux iliyo ndani ya WSL, mambo yangekuwa mepesi, lakini hilo halisemwi. Anaondoka akiamini Linux ni nzito, harudi tena. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kuna kituo cha mafunzo, sikitaji, kimemfundisha mdogo wangu usimamizi wa Linux kwa WSL mwanzo mwisho. Ada imelipwa yote. Kugawa diski hajawahi, GRUB, programu inayowasha Linux, hajaiona, na seva ikigoma kuwaka hajui aguse wapi. Cheti anacho!

Sisemi haina kazi. Aliyefungwa na ofisi kwenye Excel na anahitaji ssh (kuingia seva ya mbali) na grep (kutafuta maneno kwenye mafaili), imfae, tena ni afadhali mara mia kuliko Cygwin, nyenzo ya zamani ya kutumia amri za aina hiyo kwenye Windows. Na kama hahitaji Docker (nyenzo ya kuendesha programu ndani ya makontena), mwambieni basi atumie WSL 1, toleo la zamani, ambayo haina mashine pepe na mafaili ya C: inayasoma haraka zaidi. Amri ni moja tu: wsl --set-version Ubuntu 1.

Halafu Windows 10 imeachwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Laptopu za mitumba nyingi ndizo hizo. Linux iliyo ndani ya Windows itaziokoaje?

Mwenye mashine ndogo mwambieni ahifadhi kazi zake kwanza, ajaribu Mint Xfce au Xubuntu, Linux nyepesi, kwenye flashi, akiridhika aisimike. Akikwama kwenye kugawa diski aulize hapahapa, nitamjibu mwenyewe. Na anayebisha aje na matokeo ya WSL 2 kwenye GB 4, siyo kwenye mashine yake ya GB 32.