Mjadala: Meli za gesi zilazimishwe kubeba bendera ya Tanzania?

Wakuu, salamu kutoka Mtwara. Juzi barazani mzee mmoja alisema siku mradi wa gesi wa Likong'o kule Lindi utakapoanza kweli, serikali itoe amri moja tu: meli yoyote ya kuhudumia visima ibebe bendera ya Tanzania, isiyotaka ikatafute riziki kwingine. Baraza zima lilimshangilia. Mimi nikapinga, nikaitwa kibaraka. Acha nijieleze hapa.

Miaka ile ya uchimbaji, 2012 hivi, nilikuwa kuli gatini. Tukifunga slingi kwenye mabomba halafu winchi inachelewa, unabaki kusoma tezi ya meli, maana chini ya jina huandikwa bandari ya usajili. Siku moja ilikuwa Port Vila. Nikamuuliza baharia mmoja, Mfilipino, kama ndiko kwao. Akacheka hadi akashika kofia. Port Vila iko Vanuatu, katikati ya Pasifiki, na yeye hajawahi kukanyaga huko. Nadhani hata hiyo meli haikuwahi.

Basi hiyo Port Vila ndiyo yenye sauti. Meli ikiwa bahari kuu, sheria inayotawala ndani yake ni ya nchi ya bendera: ukaguzi, vyeti vya mabaharia, uchunguzi wa ajali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unadai pawepo uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi hiyo, ila hausemi uhusiano huo upimwe vipi. Ndiyo maana Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall wanaongoza duniani kwa meli ambazo wenyewe wako kwingine. Deepwater Horizon, mtambo uliolipuka Ghuba ya Mexico mwaka 2010 na kuua watu 11, ulisajiliwa Majuro, Visiwa vya Marshall. Kituko ni kwamba boti za kupeleka shehena kwenye mitambo ya ghuba hiyohiyo zinabanwa na sheria ya Marekani ya 1920: ziundwe Marekani, zimilikiwe na Wamarekani, zibebe bendera yao. Mtambo wenyewe wa kuchimba haukubanwa.

Sasa tuje kwetu, na tusioneane aibu. Mwaka 2012 serikali ilifuta usajili wa meli 36 za mafuta za Iran zilizokutwa na bendera yetu, zilizopitishwa na wakala aliyekuwa Dubai kwenye daftari la Zanzibar. Januari 2018 Rais Magufuli akasimamisha usajili wa meli za nje, baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Wakaguzi wa bandari za Ulaya wametuweka kwenye orodha nyeusi kwa miaka, na meli ya bendera ya namna hiyo husimamishwa kukaguliwa mara nyingi kuliko wenzake. Halafu meli za kuchimba hazikai kwetu. Zinachimba kisima kimoja au viwili, kisha zinaelekea Angola au Brazil. Mwenye meli ukimlazimisha kubadili usajili kwa miezi sita, gharama ataitia kwenye bei, kampuni ya gesi itaiingiza kwenye gharama zake, na kwa mikataba yetu ya kugawana gesi kati ya serikali na kampuni, gharama hukatwa kwanza kabla hatujagawana. Tutakuwa tumejitoza wenyewe.

Mimi nasema tulazimishe mabaharia na huduma za bandarini. Sheria ya Petroli ya 2015 tayari inatoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Tuibane hapo.

Wa Shangani: Mkuu, unaogopa kabla ya kujaribu. Brazil wana sheria tangu 1997: meli ya nje hukodiwa pale tu ambapo ya Brazil haipo. Leo wana meli zao.

Mleta mada: Kaka, Brazil wana Petrobras, kampuni ya mafuta ya serikali yao, anayekodi meli nyingi mwaka hadi mwaka. Mtu ataunda meli kwa sababu anajua ina kazi kesho. Nigeria walitunga sheria kama hiyo mwaka 2003, meli hazikuwepo, ikabidi watoe vibali vya msamaha hadi msamaha ukawa ndio utaratibu. Sisi tunafanana na nani?

Dada wa Lindi: Kaka, unatenganisha ajira na bendera kana kwamba hazihusiani. Mdogo wangu kasoma Chuo cha Bahari Dar es Salaam, ana cheti cha afisa. Kila meli anayoomba, cheti hicho lazima kwanza kitambuliwe na nchi ya bendera. Aende Majuro? Meli ingekuwa yetu, cheti chake kingetosha.

Mleta mada: Dada, hapo umenishika, sikuligusa hilo. Nakubali nusu: boti zinazoshinda kwetu mwaka mzima, za kuvuta meli, za kubeba wafanyakazi, za kupeleka shehena Songo Songo, hizo zibebe bendera yetu bila mjadala, na mdogo wako aanzie humo. Meli ya kuchimba kwenye kina cha mita 2,000 na zaidi, ambayo ni mgeni wa msimu, bado nasema tuiache.

Mzee wa Mikindani: Wanangu, nimewasoma wote. Mnabishania bendera ya Tanzania, sawa. Lakini nimezaliwa pwani hii na nimezeekea hapahapa, na tezi zote za Kitanzania nilizoziona zimeandikwa Dar es Salaam au Zanzibar. Iliyoandikwa Mtwara sijaiona bado.